Wiki Nane Ndani ya Nyumba Yako

Hotuba kwa walezi wapya wa muda

Hamjambo ndugu zangu, na asanteni kwa kuitikia wito. Nimepewa nafasi nizungumze na ninyi mnaofikiria kumpokea nyumbani mbwa aliyeokolewa pamoja na watoto wake, mkae nao mpaka wapate kwao. Wengi wenu mmekuja na swali moja, nimeliona machoni penu tangu mlangoni: nitamleaje kiumbe wiki nane, nizoee pumzi yake, kisha nimkabidhi kwa mtu mwingine? Swali hilo nitalifikia, sitalikwepa. Ila naomba nianzie chini kidogo, kwenye hii mizani ya jikoni niliyokuja nayo.

Mtoto wa mbwa anazaliwa haoni wala hasikii. Macho yamefumba, matundu ya masikio yamejifunga. Siku za mwanzo hawezi hata kutetemeka ili ajipashe joto, na haja ndogo haitoki mpaka mama yake amlambe. Anachojua ni kunyonya, kulala, na kutambaa akifuata joto. Mtoto wa namna hii akiugua hana njia ya kukueleza. Hatakataa kucheza, maana bado hachezi. Atakachofanya ni kuacha kuongezeka uzito, na mara nyingi ataacha kabla wewe hujaona dalili nyingine yoyote. Ndiyo sababu ya mizani. Kila asubuhi, saa ile ile, mmoja mmoja, kwa gramu, na kila namba iingie daftarini. Mtoto mwenye afya huongeza kila siku kama asilimia 5 hadi 10 ya uzito aliozaliwa nao, na kabla wiki mbili hazijaisha uzito ule unakuwa umefika mara mbili. Kupungua kidogo siku ya kwanza hutokea. Kubaki palepale siku nzima ni onyo. Kushuka baada ya hapo ni kumpigia daktari wa mifugo siku hiyo hiyo, usingoje kupambazuke.

Ili usiwachanganye, kila mmoja mfunge uzi laini wa rangi yake shingoni. Na uzi huo ulegeze kila siku, kwa sababu shingo zile zinanenepa upesi kuliko unavyodhani.

Haya niliyajifunza kwa uchungu. Uzao wa kwanza niliopokea ulikuwa wa watoto watano. Usiku wa tatu nikamkuta mmoja, yule wa uzi wa kijani, amelala peke yake pembeni ya sanduku. Nilipomshika alikuwa wa baridi mwili mzima, hata ulimi. Nikajua ana njaa. Nikapasha maziwa, nikampa kwa chupa, akameza kidogo, na mimi nikafurahi kwamba amemeza. Alfajiri alikuwa amekufa. Daktari alinieleza bila kunisuta: mtoto aliyepoa tumbo lake limesimama, maziwa hayasagiki, yanakaa mle yakiharibika, na mengine yanapotea njia yakaingia mapafuni. Joto kwanza, chakula baadaye. Mpashe polepole, kwa saa nzima au zaidi, ndani ya nguo yako akiwa amegusana na ngozi, au kando ya chupa ya maji ya moto iliyofungwa taulo. Akishapata joto, akaanza kujinyoosha na kutafuta chuchu, hapo ndipo umpe. Miaka imepita, na bado namkumbuka yule wa uzi wa kijani kila ninapomwona mtoto aliyejitenga na wenzake.

Kiota cha wiki ya kwanza kinataka nyuzijoto 29 hadi 32, kisha unashusha kidogo kidogo kila wiki. Lakini usipashe sanduku zima. Acha upande mmoja uwe wa ubaridi kiasi ili anayeona joto limezidi ajiondokee. Nao watakuonyesha wenyewe kama umepatia. Wakipandiana chungu nzima huku wanalia, wana baridi. Wakitawanyika kila mmoja kona yake na kuhema, umewaunguza. Wakilala wamegusana tu, wakitikisika miguu usingizini, waache hivyo hivyo.

Kuhusu maziwa sitarefusha. Ya ng'ombe hayafai kuwa mbadala: maziwa ya mbwa yana protini na mafuta karibu mara mbili yake, na sukari ya maziwa pungufu, hivyo ya ng'ombe huwaharisha na kuwaacha na njaa. Yapo maziwa ya unga yaliyotengenezwa kwa watoto wa mbwa, tumieni hayo. Mtoto anyonye akiwa amelala kifudifudi kama anavyonyonya kwa mama yake, asilazwe chali kama mtoto wa binadamu. Akiwa yatima, wiki ya kwanza ni kila baada ya saa mbili au tatu, usiku na mchana, na kila akimaliza umpanguse sehemu za haja kwa pamba iliyolowa maji ya vuguvugu, maana ulimi wa mama haupo. Mwenye kazi ya kutoka nyumbani asubuhi mpaka jioni asichukue yatima. Achukue uzao wenye mama.

Na wengi wenu mtapewa uzao wenye mama. Hapo mgeni wako wa kwanza ni yeye. Watu hukimbilia sanduku la watoto wakamruka mama kana kwamba ni chombo cha kuwaleta. Yeye ametoka barabarani, au ametoka kwa mtu aliyemfukuza alipoona tumbo limekuwa. Hakujui, na amebeba kitu ambacho yuko tayari kukipigania. Nilimpokea mbwa mmoja mweusi mwenye madoa meupe, nikamwita Kanga kwa ajili ya madoa yale. Siku tatu alikaa chini ya meza. Sikumvuta. Niliketi sakafuni nimempa mgongo, nikasoma kitabu kwa sauti ya chini ili aizoee sauti yangu, chakula nikakiacha umbali wa hatua mbili. Siku ya nne usiku nikasikia pua yenye unyevu inagusa kiwiko changu. Sikugeuka. Nadhani kama ningegeuka tungerudi siku ya kwanza.

Kwa hiyo mama apewe chumba kisichopitwa na watu, mlango unaofungwa, na sanduku lenye kitako cha kutosha yeye kujinyoosha. Ndani ya sanduku, kuzunguka kuta, pigilia ubao mwembamba uliosogea kutoka ukutani, ili mama akiegemea ukuta mtoto aliyeko nyuma yake apate nafasi asibanwe. Wageni wasije kutazama. Mbwa wako mwenyewe, kama unaye, asikutane nao kwa wiki mbili, nawe unawe mikono kabla hujawashika.

Akija kwako bado hajazaa, hesabu siku 63 hivi tangu kupandwa, ingawa kwa mbwa wa kuokotwa hakuna anayejua siku hiyo. Mpime joto asubuhi na jioni. La kawaida ni nyuzi 38 na kitu. Likishuka chini ya 37.2, kuzaa kuko karibu, kwa kawaida ndani ya siku moja. Akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, au saa mbili zikipita na unajua wamebaki wengine tumboni, mpeleke kwa daktari. Wakishatoka, hakikisha kila mmoja amenyonya dang'a ndani ya saa chache, kwa sababu kinga iliyomo hupenya utumbo wao siku ya kwanza tu, kisha mlango ule hujifunga.

Na mama anayenyonyesha mtazame kila siku, wala si kwa upendo tu bali kwa mikono. Papasa matiti yake: likiwepo lililo gumu, la moto, linalomuuma, ni ugonjwa na linataka dawa. Ukimwona anahema bila sababu, anatetemeka, anatembea amekakamaa, hatulii na watoto wake, basi kalsiamu imemwishia damuni. Hilo halingoji hata saa moja. Mpeleke usiku huo huo. Chakula mwongezee bila kumpimia kwa huruma. Wiki ya tatu na ya nne anaweza kula mara mbili hadi tatu ya kawaida yake, na maji yasikauke bakulini.

Sasa nifike mahali ambapo mimi ndipo moyo wangu ulipo. Kati ya siku ya 10 na ya 14 macho yanafunguka. Siku chache baadaye na masikio. Wiki ya tatu wanasimama kwa kuyumba, meno yanaanza kuchomoza, mikia inaanza kutikisika, na mmoja wao atabweka kwa mara ya kwanza na kujishtua mwenyewe. Tangu hapo mpaka kama wiki ya 12 au 14, ubongo wa mtoto yule uko wazi kuliko utakavyokuwa tena maishani. Anachokutana nacho kwa wema katika majuma hayo anakiandika kuwa ni sehemu ya dunia ya kawaida. Asichokutana nacho, anaweza kukiogopa mpaka uzeeni.

Mwaka 1961 watafiti wa maabara ya Jackson iliyoko Bar Harbor, nchini Marekani, walitoa matokeo ya jaribio ambalo mimi hulifikiria kila nikipokea uzao mpya. Watoto wa mbwa walilelewa na mama zao ndani ya uwanja wenye uzio mrefu, wakilishwa bila kukutana na watu. Makundi mbalimbali yalitolewa kwa wiki moja tu kuishi karibu na binadamu, kila kundi kwa umri wake. Waliotolewa katikati, tuseme wiki ya tano au ya saba, waliwazoea watu. Wale walioachwa mpaka wiki ya 14 bila kuguswa walikuwa kama wanyama wa porini, na kuwarudisha kulishindikana kwa sehemu kubwa. Hawakupigwa, hawakunyimwa chakula. Walikosa watu, basi.

Wazee walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Sasa fikirini kituo cha kuokolea wanyama, hata kile kizuri kabisa chenye watu wenye roho safi. Kuna sakafu ya saruji, vizimba, mwangwi wa kubweka usiku kucha, na mikono michache kwa wanyama wengi. Mtoto atalishwa na kusafishwa, lakini mlango ukigongwa, mtu akicheka kwa nguvu, sufuria ikianguka, kikohozi cha mzee, kilio cha mtoto mchanga, ufagio, mwavuli unaofunguliwa ghafla, maji yanayochuruzika bafuni, vyote hivyo atavisikilia wapi? Vitu hivyo viko nyumbani kwako, na hukuvinunua kwa ajili yake. Mtu akiniambia, "Mimi sina ujuzi, nina nyumba yenye fujo tu," namjibu kwamba fujo hiyo ndiyo tunayoitafuta.

Kwa hiyo kuanzia wiki ya tatu sogezeni sanduku karibu na maisha. Kila siku kitu kipya kimoja au viwili: kipande cha zulia, boksi la kuingia na kutoka, mfuniko unaogongana, mtu mwenye kofia, mtu mwenye fimbo, mtoto aliyeketi chini na kuelezwa jinsi ya kushika. Gusa nyayo, fungua mdomo, chungulia sikio, ili siku ya daktari isiwe siku ya kushikwa kwa mara ya kwanza. Mpande garini dakika tano. Mwache peke yake dakika mbili, kisha rudi. Lakini kamwe usimlazimishe. Aliyerudi nyuma mwache arudi nyuma, kaa chini, subiri aje. Mtoto akilazimishwa kukisogelea kitu anachokiogopa, atakachojifunza ni kwamba alikuwa na haki ya kuogopa.

Hapa kuna mvutano, nami sitaki kuuficha. Majuma hayo hayo ya kukutana na dunia ndiyo ya magonjwa. Parvo, ugonjwa wa kirusi, ilijulikana kwa mbwa mwaka 1978 hivi na katika muda mfupi ikawa imezunguka ulimwengu. Inakata matumbo ya watoto kwa kutapika na kuharisha damu, na kirusi chake kinakaa udongoni miezi mingi. Sabuni ya kawaida haikiui. Klorini ya kufulia inakiua, sehemu 1 kwa 30 za maji, ila lazima uchafu uoshwe kwanza na dawa iachwe dakika 10 bila kukauka. Viatu vya nje vibaki mlangoni. Mtoto asiyekamilisha chanjo dunia aione akiwa mikononi mwako, asiwekwe chini pale wanapopita mbwa usiowajua. Chanjo zinaanza wiki ya 6 hadi ya 8 na kurudiwa kila baada ya wiki mbili hadi nne mpaka wiki ya 16. Watu huuliza kwa nini mara nyingi hivyo. Kinga aliyopewa na mama huizuia chanjo isishike, na hakuna anayejua kwa macho siku ambayo kinga hiyo inamwishia mtoto huyu au yule, hivyo tunarudia ili tusimkose.

Dawa ya minyoo nayo isingoje: wiki ya 2, ya 4, ya 6, ya 8, na mama naye apewe. Minyoo mviringo hupita kwa watoto wangali tumboni, kwa hiyo hata uzao uliozaliwa kwenye sanduku safi huweza kuzaliwa nayo. Huweza kuwaingia watoto wetu pia, basi mikono ioshwe na kinyesi kiokotwe kila siku. Na chanjo ya kichaa cha mbwa itolewe umri ukifika, kwa kawaida wiki ya 12. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba ugonjwa huo unaua watu kama 59,000 kila mwaka, karibu wote kwa kuumwa na mbwa, na kama asilimia 40 yao ni watoto wa chini ya miaka 15. Kila mtoto wa mbwa unayemkabidhi akiwa na cheti cha chanjo, au na tarehe ya kuchanjwa, unalinda nyumba usiyoijua.

Wiki ya tatu au ya nne chakula kilaini kinaanza, kimelowekwa mpaka kiwe uji, kwenye sahani bapa. Watakikanyaga, watakilalia, watalambana. Ni sawa. Mama ataanza kuwakimbia kwa sababu meno yao yanachoma. Mwekee mahali pa kupanda wasikoweza kumfuata. Msimhurumie kwa kumrudisha sandukuni, kuwakwepa kwake ni sehemu ya kuwaachisha ziwa.

Kisha watapigana. Mmoja atamuuma mwenzake sikio kwa nguvu, mwenzake atapiga ukelele na kuondoka, na mchezo utakufa. Yule aliyeuma anabaki amesimama, haelewi. Atarudia mara kadhaa, mpaka taya zake zijifunze kipimo. Somo hilo hakuna binadamu anayeweza kulifundisha vizuri kama ndugu zake. Ndiyo maana mtu akija wiki ya tano akaniomba, "Nipe huyu sasa hivi, nitamlea mwenyewe," namkatalia hata akiwa mtu mwema. Wiki nane. Pia simruhusu mtu kuchagua kwa rangi akiwa mlangoni. Mimi niliyeishi nao ndiye ninayejua kwamba yule wa uzi wa bluu hapumziki na anataka nyumba yenye watu wa kukimbia naye, na yule wa uzi mweupe anapenda kulalia miguu ya mtu na atamfaa mzee aliye peke yake.

Haya, swali lenu. Ndiyo, inauma. Nimelia garini zaidi ya mara moja, na sitaki mtu hapa aambiwe kwamba atazoea, kwa sababu mimi sijazoea. Pia kuna watakaokufa mikononi mwenu hata mkifanya kila kitu sawasawa, na hiyo inauma namna nyingine kabisa. Lakini nifungue tena daftari langu. Ukurasa wa uzao wa kwanza una watoto watano, wanne waliopona. Kama ningewabakiza hao, chumba kingejaa, na kurasa zote zilizofuata zisingekuwepo. Walio kwenye kurasa hizo walipata chumba kwa sababu wa kwanza walitoka. Mlezi akimbakiza mmoja simlaumu, mradi ajue kwamba amebadilisha nafasi ya wengi kwa mmoja.

Siku ya kumkabidhi mtoto, mpe chakula cha siku kadhaa cha aina ile ile aliyoizoea, tumbo lisishtuke. Kata kipande cha kitambaa walichokuwa wakilalia, kikiwa hakijafuliwa, kiende naye na harufu ya mama. Waambie wanaomchukua kwamba usiku wa kwanza atalia, na wamlaze karibu nao. Andika anachokipenda na anachokiogopa.

Na mama, ndugu zangu. Huyu ndiye anayesahaulika. Watoto wanachukuliwa ndani ya siku kumi, simu hazikatiki, na yeye anabaki ameketi mlangoni maziwa yakiwa bado hayajakauka. Naomba msimrudishe kituoni siku mtoto wa mwisho anapoondoka. Kaeni naye mpaka maziwa yakauke, afungwe uzazi, apone kidonda, aanze kunona. Kanga alikaa nami miezi mitano baada ya watoto wake wote kwenda. Watu walikuwa wakimtazama na kuuliza kama hakuna mdogo zaidi. Hatimaye akaja mama mmoja mtu mzima, hakusema neno, akaketi sakafuni akampa mgongo. Mimi nikiwa jikoni nikamwona Kanga anatoka chini ya meza.

Leo jioni kuna mama anakuja na watoto sita wa siku nne. Ni mwoga, hajamuuma mtu, ananyonyesha vizuri. Anahitaji chumba kimoja chenye mlango unaofungwa na mtu anayelala jirani na chumba hicho. Daktari amekwisha kumwona, na dawa zake ziko kwenye mfuko ule pale. Aliye tayari anifuate nikishuka hapa, nitakwenda naye mpaka nyumbani tupange sanduku pamoja. Hii mizani nitamwachia.